Siliaki kwenye nyumba ya mahamri

Mamangu anauza mahamri Majengo, Mombasa. Saa kumi alfajiri huwa ameshakanda, na kukipambazuka karai linachemka na watu wamesimama mlangoni na vibakuli vya mbaazi. Nimeyala mahamri hayo tangu sijaota meno. Kwa hiyo siku daktari aliponiambia nina siliaki, na kwamba mimi na ngano basi tena, sikuwaza nitakula nini. Niliwaza nitaanzia wapi kumwambia mama.

Kama nawe umetoka kuambiwa hivyo, nakuandikia niliyojifunza kwa miaka minne. Chakula chenyewe utakielewa kwa wiki mbili. Gluteni, ile protini inayoufanya unga uvutike, imo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi, na mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake huugeukia utumbo wake mwembamba. Vile vinyweleo vinavyofyonza chakula hulala, ukawa unakula na mwili haupati kitu. Mimi nilimeza vidonge vya kuongeza damu miaka mitatu na damu haikupanda. Nguo zikanipwaya, mtaa ukaanza kunong'ona kuwa nina "ule ugonjwa". Lakini wali, ugali, mtama, wimbi, muhogo, ndizi, viazi, kunde na samaki ni vyako vyote. Mtu wa Pwani hafi njaa.

La kwanza, usiache ngano kabla vipimo havijakamilika. Hupimwa damu, kisha huingizwa kamera mpaka tumboni na kukatwa vipande vidogo vya utumbo, na ukiwa umeshaacha ngano majibu yanaweza kudanganya. Mimi nilikuwa nimeiacha ngano mwenyewe miezi miwili, nikaambiwa nirudi kula kila siku kwa wiki sita. Kula mahamri huku ukijua yanakufanya nini ni mtihani. Nilikuwa nakula mawili asubuhi, chapati moja usiku, kwa saa, kama dozi. Hamri la mwisho nililila nimesimama nyuma ya nyumba, peke yangu, nikalichambua kwa vidole mpaka nikaziona chembe za iliki.

Baada ya hapo, lia. Nasema kweli. Watu watakwambia "si chakula tu", nawe utaona haya kulilia unga. Mimi nilikasirika karibu mwezi mzima. Harufu ya nazi na iliki ikipita dirishani nilijifunika shuka. Kilichonisaidia ni kujiuliza hasa nimepoteza nini. Hamri lenyewe, sawa. Ila zaidi ni ile nusu saa ya kukaa kwenye kibago karibu na mama, chai mkononi, yeye akisukuma na akiwasema watu. Hiyo hakuna daktari aliyeikataza. Nikarudi kukaa, na kitumbua changu cha mchele.

Tatizo ni kwamba unga huruka. Hutua kwenye sufuria, kwenye meza, kwenye chai isiyofunikwa. Tulivyopanga ni hivi: mimi napika kabla mama hajafungua gunia, nafunika, natoa vyangu chumbani. Nina karai langu nililolifunga kitambaa chekundu kwenye mkono, chungio langu na mwiko wangu, kwa sababu mwiko wa mti uliokorogea unga hauoshwi ukatakata. Mafuta yaliyokaangia mahamri siyagusi, hata kama ni bajia za dengu. Na mahindi sipeleki tena kwenye mashine ya kusaga ya mtaani. Aliyenitangulia anaweza kuwa amesagisha ngano. Uji wa lishe wa paketi, soma nyuma kwanza, mwingi umechanganywa.

Sasa watu. Mamangu alipoelewa, jambo la kwanza alilosema ni, "Kwani mimi ndiye niliyekulisha sumu?" Alikaa siku tatu hajaniangalia usoni. Jiandae, kwa sababu aliyekulea atajilaumu, na wewe mgonjwa ndiye utakayembembeleza. Nilimweleza kwamba hili hutembea kwenye damu ya ukoo, na kwamba ndugu zangu nao wapimwe, maana ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, kama mmoja katika kumi, huwa nalo. Akafikiri kidogo. "Basi ni damu ya babako." Nikamwachia hiyo.

Kwa wageni na mashangazi, usianze kufafanua gluteni. Hakuna anayetaka habari za utumbo kwenye sinia la pilau. Mimi nilihangaika mwaka mzima kueleza, nikaonekana najidai, najikondesha, nimeshika mambo ya Kizungu. Siku hizi nasema tu, "Daktari amenikataza ngano, kama mwenye sukari alivyokatazwa sukari." Sukari kila nyumba inaijua. Akisema "onja kidogo tu, mwanangu", mjibu, "Shangazi, hicho kidogo ndicho kitakachonilaza," halafu omba kitu kingine papo hapo: maji, ndizi, chai. Mwenye nyumba anaumia ukiondoka mikono mitupu. Mpe la kukufanyia.

Ramadhani ndiyo ngumu. Kaimati, sambusa, tambi, supu ya shayiri, vyote viko mbele yako na umeshinda na njaa. Hapo siendi kufuturu kwa watu bila tende zangu na hotipoti ya muhogo wa nazi, na nafika mapema nisaidie jikoni, nijipakulie kabla miiko haijaanza kuhamahama. Mwaka wa kwanza nilijiamini nikala katlesi, viazi na nyama, nikasahau kwamba huviringishwa kwenye chenga za mkate. Siku tatu sikutoka kitandani, na kilichoniuma zaidi ya tumbo ni aibu.

Ukiteleza hivyo, usijitukane. Kunywa maji, kula wali laini, andika kwenye daftari ulikula nini na wapi, lala. Kuna kosa la upande wa pili pia, nami nililifanya: baada ya katlesi nilikula wali na mayai ya kuchemsha tu mwezi mzima, sikutoka, sikupokea simu. Nilidhani naogopa ngano, kumbe nilikuwa nimezama. Huzuni kwa wenye siliaki ni jambo la kawaida, na upungufu wa damu huongeza uchovu juu yake. Mwambie daktari kama unavyomwambia habari za tumbo.

Na usihesabu siku. Damu yangu ilipanda baada ya miezi kadhaa, lakini utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona. Miezi ya mwanzo maziwa yalinivuruga, baadaye nikarudia chai ya maziwa bila shida. Rudi kupima damu unavyoagizwa, hata ukijisikia mzima.

Leo alfajiri nilichelewa kuamka. Nikasikia mlango ukigongwa, mama yuko nje na kisu cha kukatia gunia mkononi. "Wewe! Toa vyako kwanza, nataka kufungua unga."