Kabla hujanunua ekzosi ya bei mbaya

Ndugu zangu wenye pikipiki za cc 125 na 150, kabla hujatoa hela ya ekzosi (bomba la moshi) ya mashindano, jiulize unanunua nini hasa: nguvu, uzito au mlio?

Kama ni nguvu, sikiliza. Boxer ya 150 ina nguvu za farasi kama 12 tu. Ukibadilisha bomba peke yake, hiyo nyongeza huwezi hata kuihisi ukiwa na abiria mlimani. Mlio mkubwa ndio unaokudanganya kwamba chombo kimekuwa chepesi.

Tena kuna gharama ambayo muuzaji haitaji. Bomba lililo wazi zaidi linaweza kufanya injini ya kabureta ivute hewa nyingi kuliko petroli, kwa hiyo utahitaji jeti kubwa zaidi (kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta) na fundi anayejua kuipanga. Baada ya kufunga, tembea kilomita kadhaa, kisha fungua plagi ya kuwasha moto kwenye injini uangalie ncha yake. Rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa, ni salama. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inaungua kwa joto. Usiendelee kuiendesha hivyo.

Kwa pikipiki kubwa ni habari nyingine: ekzosi nzima ya titaniamu hupunguza kilo kadhaa za kweli.

Wewe wa boda, anza na cheni, sproketi na tairi la nyuma. Na majirani wanaolala saa tano usiku wana haki yao pia.