Jinsi ya kusafiri kwa ngoma: safari ya kishamani kwa anayeanza, peke yako au na wenzako

Ukitaka kujaribu safari ya kishamani, yaani kwenda kwa fikra, umefumba macho, kutafuta jibu la swali lako, jua kwanza kwamba hunywi kitu wala huvuti kitu, gari ni ngoma tu, na wewe umelala chini umefumba macho. Wengi wakisikia ushamani wanawaza zile dawa za kunywa za Amazoni, zipo, lakini hiyo ni njia nyingine na mi siigusi hapa.

Neno shamani, yaani mganga anayesafiri kwa roho, limetoka Siberia kwa watu wanaoitwa Waevenki. Njia ninayoieleza ilipangwa na Michael Harner, msomi wa Marekani aliyekaa na wenyeji wa asili, Washuar kule Ecuador na Wakonibo kule Peru, akaona watu walioko mbali kabisa wanafanya vitu vinavyofanana sana, akakusanya yanayofanana akayafanya mafunzo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafuata, kitabu chake kilitoka 1980. Kwa hiyo ukiifanya hii hujawa shamani. Wenye hizi mila walizilipia ghali. Kule Norway kulikuwa na mzee Msami (Wasami ni wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya), Anders Poulsen, ngoma yake iliyochorwa alama ilikamatwa 1691 akashtakiwa uchawi, ikaishia kuwa mali ya Denmark na umiliki wake umerudi rasmi kwa Wasami mwaka 2022 tu hapa. Ndo maana nasema ukinunua ngoma iache wazi, usiichore alama za watu ambazo huzijui.

Sisi watu wa pwani tuna faida moja na kikwazo kimoja. Faida ni kwamba ngoma ya kutibu tunaijua toka utotoni. Kikwazo ni kwamba tumezoea pepo anapanda kichwani, mgonjwa anakuwa kiti cha pepo, fundi, yaani mganga, anaongea na pepo anamuuliza anataka nini. Huku hakipandi kitu, wewe ndo unatoka unakwenda, akili yako unayo, na ukitaka kusimama unasimama. Ukianza kuhisi kama unachukuliwa fumbua macho, kaa, kunywa maji, basi kwa siku hiyo.

Kama una kifafa, au umewahi kuumwa akili ukawa unasikia sauti, hii usiifanye. Na kama unatumia dawa za hospitali endelea nazo, safari haiachishi mtu dawa.

Sasa swali. Chukua moja tu, liandike kwenye daftari. Usiulize "lini nitaolewa" wala "nani amenifanyia hivi", uliza "nifanye nini na hasira niliyonayo kwa baba" au "nijue nini kuhusu huu uchovu". Halafu chagua mlango, na mlango uwe shimo la kweli ambalo umewahi kuliona kwa macho yako, kisima, pango, tundu kwenye shina la mbuyu. Mimi natumia mbuyu ulioko nyuma ya nyumba ya bibi Tanga, una tundu ambalo tulikuwa tunajificha. Mapango ya Amboni nilikuwa nayajua pia ila pale watu wanapeleka sadaka kwa mizimu, nikaona nisiingie na viatu kwenye nyumba ya watu.

Lala chali, funika macho na kitambaa, zima simu, au kama ngoma yako ni rekodi vaa hedifoni. Ngoma ipigwe mfululizo bila madoido, mapigo kama 200 mpaka 220 kwa dakika, dakika kumi na tano zinakutosha kwa kuanzia. Uone ule mlango, ingia, shuka. Utapita kwenye kitu kama njia ya chini kwa chini halafu kunafunguka mahali, hapo tembea, gusa, nusa. Wengine hawaoni picha kabisa, wanasikia au wanajua tu, zote ni sawa, mi safari tatu za mwanzo nilipata harufu ya udongo wa mvua na giza basi, na nilikaribia kuacha. Ukikutana na mnyama anakujia kwa upole, akajitokeza mara kadhaa, mwulize kama ndiye wa kukusaidia, akikubali mwambie swali lako. Kinachokutolea meno kipishe, usishindane nacho.

Kurudi ndo watu wanapoharakisha na mimi naona ndo nusu yenye uponyaji. Ngoma itasimama, itapigwa mapigo saba makali, mara nne, halafu itakimbia kasi. Ukisikia hivyo shukuru, rudi njia ileile uliyoendea, toka pale mlangoni, hata kama kulikuwa kutamu. Kaa taratibu, sugua mikono na nyayo, andika kila kitu kabla hujaongea na mtu, kula kitu, na usiendeshe gari wala bodaboda mpaka ujisikie umefika mzima. Halafu kwenye ulichoandika toa tendo moja dogo la kufanya ndani ya wiki. Mimi niliambiwa nipeleke maji kaburini kwa mama, ambako nilikuwa sijaenda miaka minne, nikaenda, na usingizi wangu ulirudi baada ya pale, sio baada ya ngoma.

Mkiwa kundi mpangilio ni huohuo, mlale duara miguu katikati, mmoja apige, swali liwe la wote. Mkiamka kila mtu anasimulia alivyoona bila kutafsiriwa na mwingine, mmoja anaandika, mwisho mnatafuta kilichojirudia. Tulifanya hivi watu sita baada ya msiba wa mwenzetu, wanne wakarudi na habari ya chakula na jiko, tukaelewa hakuna aliyekaa kula na familia yake tangu arobaini ipite, tukapanga zamu.

Kuna mpaka hapa naomba usivukwe. Usimsafirie mtu bila ruhusa yake, na ulichokiona huko kisiwe ushahidi juu ya mtu yeyote. Tunajua ramli chonganishi zimefanya nini kanda ya ziwa, bibi vizee wameuawa kwa sababu mtu alisema ameona. Kwenye kundi letu mtu akirudi akasema "nimeona jirani fulani ndo anatuzuia" mpiga ngoma anamkatisha palepale, jina halitamkwi, haliandikwi, na anarudishwa kwenye swali, wewe ulionyeshwa ufanye nini. Akishindwa kuliacha hasafiri tena na sisi.

Mkutano unaofuata msianze na ngoma, mzunguke kwanza kila mtu aseme lile tendo lake alilifanya au bado, aliyesema bado alale pembeni asikilize tu, zamu yake itamngoja.