Viza Hawataki, Tiketi ya Kutoka Wanaitaka

Hapa Mwanjelwa, Mbeya, nakata tiketi za ndege, na wateja wengi wakishasikia nchi fulani haitaki viza wanaona kazi imekwisha. Bado. Ufilipino, kwa mfano, inampokea Mtanzania siku 30 bila viza, ila awe na pasi yenye uhai wa miezi sita na tiketi ya kurudi au ya kuendelea nchi nyingine. Wa kwanza kukuuliza tiketi hiyo ni mhudumu wa kaunta Dar es Salaam, kabla hata hujamwona ofisa wa uhamiaji wa Manila. Anasoma masharti kwenye Timatic, mfumo wa IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, kwa sababu ukikataliwa kule, shirika lililokubeba ndilo linalobeba jukumu la kukurudisha. Usibishane naye.

Ukipanda ndege uwanja wetu wa Songwe kwa tiketi ya ndani peke yake hakuna atakayekuuliza. Utakwama Dar, nyumbani kukiwa zaidi ya kilomita 800 nyuma yako. Ndiyo maana nasisitiza tumalize hapahapa Mbeya.

Kijana mmoja wa Tukuyu aliniletea karatasi aliyouziwa mtandaoni. Ilikuwa na nembo ya ndege, jina lake na msimbo wa nafasi (booking code) wa herufi sita. Namba ya tiketi haikuwepo. Tukaingiza msimbo ule kwenye tovuti ya shirika, safari haikuonekana. Msimbo peke yake ni nafasi iliyoshikwa tu, na isipolipiwa inafutika. Tiketi iliyolipiwa ina namba yenye tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika: 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Itafute hiyo, kisha ukague safari yako mwenyewe kwenye tovuti.

Si lazima urudi Tanzania moja kwa moja. Manila kwenda Kuala Lumpur inatosha, maana Malaysia nayo haimdai Mtanzania viza. Tokyo haifai kama huna viza ya Japani. Tarehe iwe ndani ya zile siku 30, nami huacha siku tatu nne za akiba, kwani ndege huahirishwa.

Unataka tiketi ya kurudishiwa hela? Soma masharti kabla ya kulipa. Mara nyingi wanakata ada, na pesa huchelewa. Halafu chapisha nakala ya karatasi, jina likifanana na la kwenye pasi herufi kwa herufi. Simu huzima chaji palepale kwenye foleni.