Jinsi ya Kutunza Mbegu za Nyanya za Bustani Yako Mwenyewe

Anayetaka kurudia ukulima wa zamani mara nyingi huanzia kwenye jembe au mbolea. Mimi nashauri aanzie kwenye mbegu, kwa sababu bustani isiyo na mbegu yake yenyewe huanza upya kila msimu. Nyanya humfaa sana anayejifunza: ua lake kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo miche hufanana na mama yake, tofauti na maboga, ambayo nyuki huyachanganya kwa urahisi aina mbili zikipandwa karibu.

Hatua ya 1: Teua shina kabla ya tunda

Naomba hatua hii usiiharakishe. Msimu wangu wa kwanza nilichukua tunda kubwa kuliko yote kapuni bila kujua limetoka kwenye shina gani, na miche niliyoipata ilichelewa kuzaa, tena ikazaa haba. Tangu hapo huchagua mimea ikiwa bado shambani: hufunga uzi wa rangi kwenye mashina yaliyowahi kuzaa, yaliyostahimili jua na yenye matunda matamu, kisha matunda mawili matatu ya kila shina siyagusi mpaka yaive kabisa na kulainika. Shina lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka liache hata kama limezaa vizuri, kwani yapo magonjwa yanayosafiri na mbegu. Tena, epuka mbegu chotara, yaani zilizotokana na kuchanganya aina mbili, maana watoto wake hutofautiana kwa sura, ladha na uzazi. Anza na aina ya asili.

Hatua ya 2: Chachusha

Kata tunda kwa upana, si kwa urefu, ili vyumba vya mbegu vifunguke, kisha kamulia mbegu pamoja na ute wake kwenye bilauri. Ute huo ndio unaoizuia mbegu kuota ingali ndani ya tunda lenye majimaji, kwa hiyo ni lazima uondoke. Ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa chepesi, uiweke bilauri kivulini kwa siku 2 hadi 3, ukikoroga kila siku. Harufu itakuwa kali na utando mweupe utatanda juu. Hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inaendelea. Usipitilize, kwa sababu ute ukishayeyuka mbegu zinaweza kuchipua humo humo, hasa wakati wa joto.

Hatua ya 3: Osha

Jaza maji, koroga, subiri kidogo. Mbegu nzima huzama na zilizo tupu huelea pamoja na nyama ya tunda. Mwaga vinavyoelea, ukirudia mpaka maji yawe maangavu.

Hatua ya 4: Kausha

Zitandaze kwenye sahani, zisirundikane. Usitumie karatasi laini, kwani zitaigandia. Ziweke kivulini penye upepo, kwa kuwa joto kali laweza kuua kiini, na uzigeuze kwa vidole kila siku. Mbegu ya nyanya iliyokauka ina vinyweleo vifupi vinavyong'aa kidogo, na ukiitikisa sahani utazisikia zikichakarika kama mchanga mkavu. Ukiikunja moja ikavunjika badala ya kupinda, ziko tayari. Kwa kawaida huchukua wiki moja au zaidi.

Hatua ya 5: Hifadhi na upime

Zitie kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa aina na tarehe, kisha bahasha uiweke ndani ya chupa yenye kifuniko kinachobana, chini ukiwa umetandaza majivu makavu yaliyochekechwa au vipande vya mkaa vya kunyonya unyevu. Mahali pakiwa na giza na ubaridi, mbegu hudumu miaka 4 au zaidi.

Kabla ya kusia, viringisha mbegu 10 katika kitambaa chenye unyevunyevu na ukiweke mahali penye joto la wastani kwa siku 10. Zikiota 8 au zaidi, sia kiasi chako cha kawaida. Zikiota 5, sia mara mbili ya hicho, na miche ikishasimama shambani andaa tena uzi wako wa rangi.