Namna ya Kuandika Filamu ya Mtaa Yenye Wahusika Wengi

Filamu inayofuata maisha ya watu watano, saba au kumi wanaoishi mtaa mmoja haina shujaa wa kuibeba peke yake. Mtazamaji aliyezoea kumfuata mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho huombwa aache hadithi aliyokwisha kuipenda, aingie nyumba ya jirani, kisha arejee bila kusahau alipoishia. Waandishi wengi hulikabili jambo hili kwa kuandika hadithi tano zinazojitegemea na kutafuta baadaye namna ya kuziunganisha, ama kwa ajali ya barabarani ama kwa wageni wawili kukutana ghafla. Naamini njia hiyo ndiyo inayoziharibu filamu nyingi za aina hii, kwa sababu kiungo kilichotafutwa mwishoni hakikosi kujulikana kuwa kimetafutwa. Kiungo kinapaswa kuwapo kabla ya ukurasa wa kwanza kuandikwa, nacho ni yale ambayo wakazi wanadaiana: kodi, ahadi, fadhila ya zamani, malezi ya mtoto, au fedheha ambayo mmoja anaijua na mwingine anaificha.

Anza na mahali, na upafanye padogo. Mwongozaji Spike Lee, katika filamu yake Do the Right Thing ya mwaka 1989, aliifungia hadithi ndani ya siku moja ya joto kali na katika kipande cha barabara moja ya Bedford-Stuyvesant, Brooklyn, jijini New York, akaipiga picha katika barabara halisi ya eneo hilo. Udogo huo una faida ambayo mwandishi anayeanza hudhani ni hasara: watu wanaoonana kutwa hawahitaji sababu ya kukutana, na neno lililosemwa kwenye ngazi za nyumba moja hufika ng'ambo ya barabara bila kuandikiwa onyesho la kulipeleka. Kwa hiyo chora ramani kabla ya kuandika chochote. Onyesha dirisha la nani linatazama mlango wa nani, ukuta upi unapitisha sauti, na ni wapi watu hulazimika kupita watake wasitake, kama vile ngazi za pamoja, kituo cha basi au kinyozi. Sehemu mbili au tatu za namna hiyo zinatosha.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Fungua daftari, andika majina ya wahusika kwa kushuka na kwa kuvuka, na katika kila kisanduku andika kile ambacho huyu anakihitaji kutoka kwa yule. Mhusika asiye na visanduku viwili vilivyojaa bado si mkazi wa mtaa huo. Ni mpita njia. Tena, kati ya mafungamano hayo mawili, moja liwe linajulikana na watu wote na jingine liwe la siri, maana filamu itasonga kwa nguvu ya siri hizo kutoka nje moja baada ya nyingine.

Tuseme kuna jengo la ghorofa tatu. Mwenye jengo, mzee aliyeanza kuumwa, anataka kuliuza kimyakimya ili alipie matibabu yake. Kinyozi aliyepanga chini ana malimbikizo ya kodi, na mkopo aliouchukua kununua vifaa ulidhaminiwa na muuguzi wa ghorofa ya pili. Muuguzi hufanya kazi zamu za usiku na kumwacha binti yake mdogo kwa mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, mjane ambaye siku hizi husahau mambo na hataki mtu yeyote ajue. Mtoto wa kiume wa mwenye jengo ni msaidizi wa kinyozi, na ndiye pekee aliyekwisha kuziona karatasi za mauzo. Hapa hakuna ajali, hakuna bastola, hakuna mgeni aliyefika na mkoba wa fedha, na bado kila mtu akisogea hatua moja wengine wanne wanatikisika. Kijana akisema, anamsaliti baba yake. Akinyamaza, anamwacha bwana wake aendelee kukopa kwa ajili ya duka ambalo halitakuwepo. Muuguzi akigundua hali ya mwalimu, atakosa mtu wa kumwachia mtoto, na akikosa zamu za usiku, mkopo aliodhamini utamwangukia. Daftari likifikia hapo, mwandishi hana tena kazi ya kubuni matukio. Anachagua tu ni deni lipi lidaiwe kwanza.

Sadfa haikatazwi, lakini ina mahali pake. Amores Perros ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Alejandro González Iñárritu, inaunganisha hadithi tatu za Jiji la Mexico kwa ajali moja ya gari, na mtazamaji anaikubali kwa kuwa ajali hiyo inawatia watu matatani, haiwatoi. Mtazamaji husamehe bahati mbaya inayoanzisha jambo, ila bahati njema inayolimaliza huiona kuwa ni kudanganywa. Ipo pia aina nyingine ya tukio la nje, lile linalowapata wote kwa wakati mmoja. Mwongozaji Robert Altman alifungua filamu yake Short Cuts, ya mwaka 1993, kwa helikopta zinazonyunyiza dawa ya kuua wadudu juu ya Los Angeles, na akaifunga kwa tetemeko la ardhi. Tukio la namna hiyo humwambia mtazamaji kwamba nyumba zote hizi zinaishi saa ileile chini ya anga lileile. Umeme kukatika au mvua kubwa vinaweza kufanya kazi hiyo mtaani kwako, mradi visitumike kumwokoa mtu.

Sasa fanya hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayowashinda wengi. Ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Filamu ya dakika 120 yenye nyuzi tano, yaani hadithi tano za wahusika tofauti, inaupa kila uzi dakika 24, na ukitoa muda wa picha za mtaa wenyewe na maonyesho ya pamoja, unabaki na kama dakika 20, yaani maonyesho kumi ya kurasa mbilimbili. Hiyo ni filamu fupi. Maana yake ni kwamba hakuna nafasi ya kueleza utoto wa mhusika, wala ya kumwonyesha akiamka, akioga na kufikiri. Kila uzi uanze tatizo likiwa limeshaiva, uwe na jambo moja linalotakiwa, kizuizi kimoja na mgeuko mmoja. Katika Short Cuts Altman alikuwa na wahusika wakuu 22, na filamu yake ikahitaji zaidi ya saa tatu.

Usigawe dakika hizo kwa usawa. Uzi mmoja uwe shina, nyingine moja au mbili ziufuate kwa karibu, na zilizobaki zipite kwa maonyesho manne au matano yenye uzito. Kurasa nyingi huokolewa na maonyesho yanayosukuma nyuzi mbili kwa pamoja. Muuguzi anapofika kulipa kodi na kumkuta kinyozi akiomba aongezewe muda, huku kijana akisimama mlangoni akijua kwamba yote hayo ni bure, ukurasa mmoja umefanya kazi ya kurasa tatu.

Kupanga mfuatano hufanywa vizuri zaidi ukutani kuliko kwenye kompyuta. Kila uzi upewe kadi za rangi yake, kila onyesho kadi moja, kisha simama mbali utazame. Rangi ikipotea kwa zaidi ya dakika kumi na tano katika nusu ya kwanza, mtazamaji atakuwa amemsahau mhusika huyo, au, vibaya zaidi, ameacha kumjali. Uache kila uzi pale ambapo swali limeulizwa na jibu halijatolewa. Kuhusu kivuko cha kutoka onyesho moja kwenda jingine, wengi hupenda kufananisha picha: mlango unafungwa huku, mwingine unafunguliwa kule. Hilo hupendeza mara moja au mbili. Kinachoshika kwa muda mrefu ni sababu: jambo alilolifanya huyu ndilo linalomfanya yule, dakika mbili baadaye, achelewe, akasirike au adanganye. Baada ya kuridhika na mpango, ondoa rangi moja yote. Ikiwa filamu inasimama bila kuyumba, usiirudishe.

Muda wa hadithi nao uwe na mipaka, siku moja, mwisho wa juma, au juma zima, kwa sababu mipaka hiyo huwalazimisha wahusika kuamua. Kuna pia njia ya kurudia saa zilezile kwa macho ya mkazi mwingine. Mwongozaji Jorge Fons aliitumia katika filamu El callejón de los milagros ya mwaka 1995, alipoihamishia Jiji la Mexico riwaya ya mwandishi wa Misri, Naguib Mahfouz, kuhusu kichochoro cha Cairo. Njia hiyo ina sharti gumu: kila marudio lazima yabadilishe maana ya kile tulichodhani tumeshakielewa. Yasipobadilisha, ni kurudia tu.

Dakika kumi za kwanza ziandikwe mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Usiwatambulishe zaidi ya watu watatu kwa mfululizo, na kila mmoja aonekane akiwa kazini, kwa kuwa mikono ya mtu ikiwa kazini hukumbukwa kuliko jina lake. Epuka majina yanayoanza kwa herufi ileile. Mazungumzo yawe ya watu wanaofahamiana: majirani wa miaka kumi hawaelezani mambo wanayoyajua wote wawili, na mwandishi anayewalazimisha kuelezana ili mtazamaji asikie huuvunja mtaa mzima kwa sentensi moja.

Kuna kosa moja linalonisikitisha zaidi katika filamu za aina hii, nalo ni kumfanya kila mkazi awe mwakilishi wa tatizo: huyu ndiye ulevi, yule ni ukosefu wa ajira, mwingine ni uzee. Watu wa namna hiyo hawawezi kumshangaza mtazamaji, kwa sababu tangu walipoingia tulijua wamekuja kusema nini. Mpe kila mmoja ustadi anaouonea fahari, na kitu anachokitaka ambacho hakihusiani na shida yake. Mwenye jengo hasa asiwe adui tu. Anaogopa kufa akiwa mzigo kwa mwanawe, na hofu hiyo ikionekana mapema, kila tendo lake baya litauma zaidi.

Upigaji picha wa filamu hii una nafuu yake. Mwigizaji mwenye maonyesho kumi hahitaji siku nyingi, hivyo ratiba ikipangwa kwa mahali na kwa mwigizaji, si kwa mfuatano wa hadithi, inawezekana kupata waigizaji wazuri kwa muda mfupi. Ugumu uko kwenye maonyesho ya pamoja, yanayohitaji wote siku moja. Yaandike machache na uyawekee tarehe kabla ya mengine yote. Mwambie mpiga picha akumbuke kinachoonekana nyuma ya wahusika: muuguzi apite mbele ya dirisha la kinyozi hata pale ambapo hadithi si yake. Sauti nayo inaunganisha kuliko picha. Altman alijulikana kwa kuwawekea waigizaji maikrofoni za peke yao na kurekodi kila sauti kando, ili mazungumzo yaingiliane na bado yasikike. Kwa bajeti ndogo, redio moja inayosikika kutoka vyumba vitatu tofauti inatosha kumweleza mtazamaji nani yuko jirani na nani.

Kwa mwisho, usiwakusanye wote chumba kimoja ili waambiane ukweli. Rudi kwenye daftari: kila deni ama lilipwe, ama lisamehewe, ama likataliwe, na si lazima yote yafike siku moja. Uzi mmoja unaweza kufungwa theluthi moja kabla ya mwisho, na mwingine ukaachwa wazi kwa makusudi. Kisha wasomee mswada kwa sauti watu wasioujua, uwape saa moja ya mapumziko, na umwombe kila mmoja ataje kila mkazi alikuwa akitaka nini na kwa nani. Mhusika ambaye hakuna msikilizaji aliyeweza kumjibia aongezewe deni au aondolewe, kabla ratiba ya upigaji picha haijapangwa.