Somo: Kutaja herufi za jina na namba ya simu kwa Kiingereza

Wapo watu wanaozungumza Kiingereza bila shida mpaka mhudumu wa mapokezi hotelini aseme, "Could you spell that, please?" Hapo sentensi hazisaidii tena. Unatakiwa kutaja herufi moja moja, na ulimi unakimbilia a, e, i, o, u za darasa la kwanza.

Hatua ya 1: irabu kwanza

Usianze na herufi zote 26. Anza na tatu zinazoharibu majina yetu: A huitwa "ei", E huitwa "ii", I huitwa "ai". Chukua jina Elia. Ukizitaja irabu zake Kiswahili, e yako inamfikia Mwingereza kama "ei", ataandika A. I yako ni "ii" kwake, ataandika E. A yako ya mwisho ni "aa", na huko Uingereza "aa" ni jina la herufi R. Basi Elia amekuwa ALER, na aliyeandika hana habari, maana hajui majina yetu yanavyofanana. Neema naye anakuwa NAAMR.

Taja hivi: Elia ni ii, el, ai, ei. Neema ni en, ii, ii, em, ei. Rudia jina lako mwenyewe kwa sauti mpaka litoke bila kufikiri, kisha la baba, kisha la mtaa unaoishi. O ni "ou" na U ni "yuu". Hizo mbili hazina ugomvi.

Hatua ya 2: konsonanti chache

G ni "jii", J ni "jei". H ni "eich", W ni "dabolyuu", Y ni "wai", C ni "sii". Mwajuma: em, dabolyuu, ei, jei, yuu, em, ei. Zilizobaki utazizoea njiani.

Hatua ya 3: herufi zinazofanana simuni

B, C, D, E, G, P, T na V zote huishia na "ii", na simu ikikwaruza hakuna anayezitofautisha. M na N ni hivyo hivyo, F na S pia. Dawa ni kuitaja herufi pamoja na neno: "B for Bravo", "D for Delta", "N for November". Maneno haya ni ya marubani, yanatumika rasmi tangu 1956, na yalichaguliwa ili watu wa lugha mbalimbali wasikilizane. Hata tahajia ilifikiriwa: Alfa huandikwa kwa f, na Juliett kwa t mbili ili msomaji wa Kifaransa asiimeze t ya mwisho.

Huna haja ya kuyakariri yote. Neno lolote analolijua msikilizaji linatosha: "L for London, R for Rome". Ila "N for ndizi" utajichekesha mwenyewe tu.

Hatua ya 4: namba ya simu

Taja tarakimu moja moja, kwa mafungu. Usiseme "fifty" wala "thirteen": fifty na fifteen, thirty na thirteen, huchanganywa hata na wenyewe. Kwa zoezi tumia 07700 900142, iliyo katika namba ambazo Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, imezitenga kwa ajili ya filamu na tamthilia, kwa hiyo hutamsumbua mtu: "oh double seven, double oh, nine double oh, one four two". Sauti ipande kidogo mwisho wa kila fungu na ishuke kwenye fungu la mwisho. Ndivyo msikilizaji anavyojua umemaliza. Mmarekani hana mazoea sana na "double", kwake sema "seven seven".

Ukitoa namba ya Tanzania kwa mtu wa nje, anza na "plus two five five" na uiache ile sifuri ya mwanzo. Wengi huitaja, na simu haiendi.

Hatua ya 5: akusomee, usikilize

Sema: "Could you read that back to me, please?" Akikosea: "No, it's E for Echo, not A." Hatua hii watu huiruka kwa aibu, nami naiona kubwa kuliko zote.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Bukavu, nimesoma kwa Kifaransa. G na J zinanichanganya kabisa.*

Marahaba. Una haki, kwa sababu zimegeuzana: kwa Kifaransa yenye sauti ya i mwishoni ni J, kwa Kiingereza ni G. Mpaka uzoee, usizitaje peke yake: "G for Golf", "J for Juliett".

*Jina la ukoo wetu lina ng'. Ile alama naitajaje?*

Ni "apostrophe", mkazo kwenye "po": a-PO-strofi. Lakini kwa tiketi ya ndege tazama mistari ya chini ya pasipoti, ile inayosomwa na mashine. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, alama hiyo huondolewa na herufi huungana, Ng'wandu anakuwa NGWANDU. Taja hivyo hivyo.

*Sifuri niseme "oh" au "zero"?*

Kwenye simu, yoyote. Kwenye namba ya pasipoti au ya tiketi, ambamo herufi na tarakimu zimechanganyika, sema "zero", la sivyo wataandika O.

*Z ni "zed" au "zii"?*

Uingereza na kwetu "zed", Marekani "zii". Hiyo "zii" hugeuka C simuni, kwa hiyo ongeza "Z for Zulu".

*Mwalimu, naitwa Suudi, niko Muscat. Nikisema "double u" wananiandika Swdi!*

Pole, ndugu yangu. "Double" itumie kwa herufi nyingine, kwa U usiiguse: es, yuu, yuu, dii, ai. Pumzika kidogo kati ya yuu mbili, asije akadhani umeirudia kwa kigugumizi.