Kukusanya ushahidi soko la mtandaoni linapobana bidhaa zako

Soko kubwa la mtandaoni likiuza bidhaa zake palepale linapowapangisha wauzaji wadogo, linakuwa mchezaji na mwamuzi kwa wakati mmoja. Hilo peke yake si kosa. Tatizo ni pale linapotumia takwimu zako za mauzo, zisizoonekana hadharani, kushindana nawe, au linapozipandisha bidhaa zake juu kwenye matokeo ya utafutaji bila sababu inayomhusu mnunuzi. Ili mamlaka ya ushindani, yaani chombo cha serikali kinachosimamia ushindani wa haki sokoni, ikusikilize, kusanya ushahidi mapema, akaunti ikiwa bado iko wazi.

Pakua ripoti za mauzo, makato na marejesho kila wiki, uzihifadhi nje ya jukwaa. Akaunti ikifungwa, kwa kawaida ripoti hizo hazifikiki tena. Hifadhi pia nakala ya masharti kila yanapobadilika, pamoja na tarehe.

Kisha pima nafasi yako kwenye utafutaji, na hapa ndipo wengi hukosea. Picha moja ya skrini haithibitishi kitu, kwa sababu matokeo hubadilika kulingana na historia ya anayetafuta. Fungua dirisha la faragha (incognito) la kivinjari bila kuingia kwenye akaunti, tumia neno lilelile, saa ileile, kwenye vifaa viwili, kwa siku 14 au zaidi. Kila mara andika nafasi ya bidhaa yako, ya bidhaa yao, bei pamoja na usafirishaji, muda wa kufikisha mzigo, nyota za wateja, na kama kuna alama ya tangazo. Siku ambazo bidhaa yako iko juu ziandike vilevile. Ukizificha, jedwali zima linapoteza thamani. Kama bei yako iko juu au mzigo wako unachelewa, jukwaa litajitetea kwa hilo, na litakuwa na haki.

Bidhaa ikisimamishwa, omba sababu kwa maandishi, utaje kifungu cha masharti. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni 2019/1150, inayotumika tangu 12 Julai 2020, inalitaka jukwaa litaje vigezo vikuu vya kupanga matokeo, litoe notisi ya angalau siku 15 kabla ya kubadilisha masharti, na lieleze sababu za kukusimamisha. Kwingineko, angalia kwanza sheria ya ushindani ya nchi yako inasemaje kuhusu matumizi mabaya ya nguvu ya soko.

Malalamiko yenyewe yawe mafupi: kurasa 2 za matukio kwa mpangilio wa tarehe, viambatisho vyenye namba, na hasara uliyopata kwa tarakimu. Matusi na tuhuma za jumla yaache nje.

Kulalamika pamoja na wauzaji wenzako kunaongeza uzito, ila msikubaliane bei wala kugawana wateja. Makubaliano ya namna hiyo yanavunja sheria ileile mnayoitegemea, na yanaweza kuwaletea faini ninyi wenyewe.